Kaye ya Bukuru

Mama alifariki mwezi uliopita, na kazi ya kupanga vitu vyake imenibakia mimi, maana katika nyumba yetu hii ya Uvira hakuna mwingine. Watu walikuja, wakalia, wakala wali wa Sange na maharage, wakamaliza chai na sukari yote, wakaenda zao. Nikavuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda. Nilitegemea kukuta vitenge na kadi ya ubatizo. Vitenge nilivikuta, viwili viwili kama kawaida yake, na chini kabisa, imefungwa ndani ya foronya, kaye ya bluu. Kaye ndivyo tunavyoita daftari huku kwetu. Mende walikuwa wamekula pembe za jalada, lakini jina lilisomeka, kwa mwandiko ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa na miaka kumi na saba: Bukuru. Nilikaa chini sakafuni na magoti yangu haya ya miaka sabini, nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwehu, "Mama weye, uliificha wapi siku zote hizi?" Mama hakujua kusoma hata herufi moja. Aliitunza tu.

Bukuru ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa, na Butoyi ni la anayemfuata. Kwa watu wetu wa bonde la Ruzizi wanaosema Kirundi, majina hayo hayachaguliwi, unakuja nayo. Butoyi ni mimi. Nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, ule tuliojifunza Kiingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Nausimulia leo kwa sababu Mama hayupo tena wa kuumia akisikia.

Msiniulize kwa nini Kiingereza, wakati wakubwa wote wa Uvira walikuwa Wabelgiji na shule yote ilikuwa Kifaransa. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, palikuwa na shule ya wakunga ya Waingereza, na habari ilikuwa imevuka na meli kwamba inapokea wasichana hata wa Kongo, mradi wajibu maswali kwa Kiingereza. Bibi wa shule hiyo angefika mwenyewe baada ya Pasaka kutusikiliza. Sisi tulitaka kwenda kuliko tulivyowahi kutaka kitu chochote. Mama alisikiliza habari yote huku akichambua sombe, majani ya muhogo, kisha akasema neno moja ambalo halikubadilika mwaka mzima: "Mutaenda bote mbili, ao hakuna mwenye ataenda." Kwa hiyo haikutosha mmoja wetu kujua. Ilibidi tujue sawasawa.

Mwalimu wetu alikuwa mzee Elia, aliyefanya ukarani Kigoma miaka kumi na kurudi na viatu vizuri na Kiingereza. Alitufundishia katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, Jumanne na Ijumaa, jua likishaanza kuinama. Tulikuwa wanafunzi watano. Chumba kilikuwa na dirisha moja, meza moja, magunia ya pamba yaliyojaa hadi nusu ya ukuta, na nyuma ya ukuta huo lilikuwa jiko la mkewe, Mama Rebeka, ambaye alikuwa mwanafunzi wa sita bila kuandikishwa. Harufu ya mikeke, samaki wa ziwa letu, ikikaangwa kwa mawese ilikuwa inatukuta katikati ya kila somo. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo, kichwani mwangu yanaanza kujipanga maneno ya Kiingereza, moja na wingi, moja na wingi. Hayo ndiyo tuliyosoma miezi yote ile ya mwanzo. Mwalimu alisema mtu asiyejua kusema vitu vikiwa vingi hawezi kumhudumia mzazi, maana hata kuzaa kwenyewe ni watu kuongezeka. Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Hakupenda kuandika ubaoni tu. Aliweka vitu mezani. Kisu kimoja, "knife". Akiongeza cha pili, "knives". Jani moja la muhogo, mawili. Ilipofika zamu ya meno alifungua kinywa chake mwenyewe na kugonga jino la dhahabu kwa ukucha. Kwa miguu alivua kiatu kimoja, akasema "foot", kisha akavua cha pili, akatungoja tuseme "feet", na soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Siku moja Mama Rebeka aliingia na unga hadi kwenye viwiko. "Elia, nipatie kisu changu! Samaki iko inaningoja!" Mwalimu akamwambia asubiri, kisu kiko darasani. "Basi samaki nayo iko ku darasa? Mutakula hizo kizungu zenu!" Akachukua visu vyote viwili, akatoka. Tulipofika kwenye kondoo, na Mwalimu akatuambia kwamba Waingereza hawana wingi wa kondoo, mmoja au mia ni neno lile lile, Bukuru akasema, "Basi na sisi tunajua Kiingereza, maana hata sisi kondoo ni kondoo." Sauti ya Mama Rebeka ikatoka ukutani: "Na samaki ni samaki! Aksanti!"

Na sisi tulikuwa somo. Mwalimu alikuwa amefurahi mno kupata mapacha. Alianza kila kipindi kwa kutunyooshea kidole. Bukuru alisimama kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, na darasa likasema "girl". Kisha nikasimama mimi kando yake, gauni moja, kilemba kimoja, na darasa likapaza sauti: "girls!" Hapo ndipo tulipoketi na somo likaanza. Nilikuwa naipenda sana sehemu hiyo. Nasema kweli, sijui kama kuna mahali pengine maishani niliposimama nikajiona nimekamilika namna ile.

Lazima nieleze desturi ya nyumbani, maana mambo yote yametoka humo. Mapacha hawapewi tofauti. Mama alitufundisha hivyo kama alivyofundishwa na mama yake, na alishika kuliko Katekisimu. Sahani mbili za rangi moja. Mikeke miwili ya urefu mmoja, na kama mmoja umezidi, kichwa kinakatwa. Jirani akileta pera moja, linagawanywa kwa kisu. Akileta kitu kisichogawanyika, kinarudishwa kwa heshima. Mmoja akichapwa, na mwingine anachapwa, jambo ambalo Bukuru hakunisamehe kwa urahisi, maana mtundu nilikuwa mimi. Pacha aliyerukwa, bibi yetu mzaa Mama alituambia, damu yake inakasirika na anaondoka. Alituhadithia mapacha wa Makobola: mmoja alishonewa gauni la komunyo, mwingine akaambiwa angoje mavuno ya pamba, na mvua za mwaka huo hazikuisha akiwa hai. Nilisikia hadithi hiyo nikiwa na miaka mitano au sita, nikiwa nimekaa mapajani mwa Bibi. Iliingia tumboni mwangu, na hakuna shule iliyoitoa.

Katika majaribio ya Mwalimu tulipata alama sawa. Kumi na nne yeye, kumi na nne mimi. Kumi na sita, kumi na sita. Mwalimu alitingisha kichwa, akasema mapacha ni kazi ya Mungu. Mimi nilijivuna. Nilikuwa najua Bukuru ana akili kunizidi, hata kitumbua alikuwa anakigeuza kabla yangu, na kumfikia katika Kiingereza kulinifanya nitembee mabega juu hadi nyumbani. Sasa nimeshika kaye yake. Nimevaa miwani, nimeipeleka karibu na dirisha. Kwenye mstari wa mguu ameandika wingi kwa usahihi kabisa, kisha amekata kwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake ameandika "foots", kosa langu. Kwenye mtoto, hivyo hivyo. Kwenye jino. Kila ukurasa una makosa manne au matano ya namna hiyo, na chini ya kila kosa, jibu la kweli linasomeka. Alijua yote. Alikuwa ananichungulia kaye yangu mezani, anahesabu nilikokosa, anajikosesha naye. Nilimwona akichungulia, nikadhani ananiibia! Nikaifunika kaye yangu kwa mkono, mpumbavu mimi.

Wiki tatu kabla ya Pasaka, katikati ya mvua kubwa, Bukuru alianza kukohoa. Mwanzo tulimcheka, kwa sababu kikohozi chake kilikuwa kinene kama cha mwanamume. Siku ya tatu hakuweza kulalia ubavu wa kulia, na mwili ulikuwa wa moto hata ukiweka mkono juu ya kitenge. Mama na mimi tukampeleka katika disipanseri moja ng'ambo ya mto Mulongwe, tukimshika kila mtu upande wake. Mganga alimsikiliza mgongo, akasema ni mapafu. Mama alitoka na Bukuru, akaenda kumkalisha kwenye benchi barazani. Mimi nikabaki mlangoni kungoja dawa. Mganga alikunja karatasi, akanitazama na kuona kalamu iliyokuwa kwenye nywele zangu.

"Mademoiselle, weye uko unasoma?"

"Ndiyo, Muganga."

"Basi sikiliza muzuri. Bidonge kumi na mbili. Tatu kila siku, siku ine, mupaka biishe. Biko bya huyu mugonjwa peke yake. Hata kama atapona kesho, abimalize. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikuwa nimesikia. Nataka hilo lijulikane bila mkanganyiko wowote. Nilisikia, nilielewa, na njia nzima ya kurudi, karatasi ikiwa mkononi, nilikuwa nikirudia hesabu ile: tatu, siku nne. Tulifika nyumbani mvua ikianza upya. Mama alitandika kitambaa cheupe juu ya mkeka, akamwaga vidonge, akaanza kugawa kama alivyogawa kila kitu tangu tuzaliwe. "Hii ya Bukuru. Hii ya Butoyi. Hii ya Bukuru. Hii ya Butoyi." Sita huku, sita huku. Hakuniuliza mganga amesema nini. Nilifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari pale juu ya ulimi, na halikuwa neno gumu: vyote ni vyake, Mama. Lakini nilivitazama vile sita vya upande wangu, nikawaza vikihamishwa upande wa pili, na upande wangu ukibaki kitambaa kitupu, na nikaogopa. Niliogopa kufa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, najua wingi wa maneno mia mbili ya Kiingereza, najua mapafu ni nini, na nilimwogopa yule pacha wa Makobola asiyeshonewa gauni. Bukuru alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, maji mkononi. Hakuwa amemeza. "Nakungoja weye," akaniambia. Maana tulizoea kula pamoja na kunywa pamoja. Nikachukua vitatu vyangu, nikameza. Naye akameza.

Kwa hiyo dawa ya siku nne ilikwisha kwa siku mbili. Na jambo la kutisha ni kwamba ilifanya kazi. Siku ya pili homa ilishuka, akakaa kitako, akaomba ndagala na bugali, akala akinitania kwamba nimeanza kukonda kwa dawa za watu. Mama alipiga vigelegele vidogo jikoni. Niliomba Mungu, kimoyomoyo, nikamwambia unaona, haikuwa na neno. Siku ya tatu homa ilirudi na hasira. Tulitaka kumrudisha kwa mganga, lakini Mulongwe ulikuwa umefurika, unashuka na mawe na miti kutoka milimani, na hakuna aliyevuka siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya nne, mchana, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka kana kwamba hakuna lililotokea, Bukuru alinishika kidole, si mkono, kidole kimoja tu, na baadaye nikaona kwamba ni mimi peke yangu ninayeshika. Mama alipiga yowe moja. Halafu akainuka, akapanga sahani mbili, akaweka bugali katika zote mbili.

Nilirudi kwa Mwalimu Elia baada ya majuma mawili, kwa sababu Mama alinifukuza nyumbani niende. Chumba kilikuwa kile kile, magunia yale yale. Mwalimu alikuwa amejiandaa, nadhani, alikuwa ameamua kuanza na somo jingine. Lakini mkono una mazoea yake. Aliingia, akanyoosha kidole pale alipokuwa anakinyoosha kila mara, kwenye nafasi ya Bukuru, na hapakuwa na mtu. Nikasimama mimi. Sijui kwa nini. Na kijana mmoja wa nyuma, kwa mazoea naye, akapaza sauti: "girls!" Hakuna aliyecheka. Kijana alifunika kinywa kwa mikono yote miwili. Mwalimu aligeukia ukutani, na upande wa pili Mama Rebeka akaacha kutwanga. Nilikuwa nimesimama peke yangu, na sikuweza kuketi, kwa kuwa siku zote tuliketi kwa pamoja. Mama Rebeka ndiye aliyeingia, akanishika mabega, akanikalisha. "Kaa, mwanangu," akasema. "Kaa tu."

Bibi wa shule alifika baada ya Pasaka, nikamjibu, akanikubali. Nilidhani Mama atakataa, kwa neno lake. Hakukataa. Alifunga sanduku kwa mikono yake, na aliponipakia kwenye meli pale Kalundu nilikuwa na sahani mbili, vikombe viwili, vitenge viwili viwili, na mikeka miwili. "Nilisema mutaenda bote mbili," akaniambia, na hakushusha chozi. Ng'ambo wenzangu walinicheka kwa mizigo ile. Nilijifunza kazi. Nikarudi Uvira na kuifanya miaka mingi, na kama umezaliwa hapa mjini huenda mikono yangu ndiyo ya kwanza kukushika. Watu wananijua kwa ukali wangu. Mama wa mapacha akija kwangu, sikumwacha atoke na karatasi ya dawa. Mgonjwa alimeza mbele yangu, na nilimwambia mama yule, na walio kwenye foleni, na walio barabarani kama walikuwa na masikio: "Dawa haigawanywi! Anakunywa mugonjwa peke yake!" Mara nyingi Mama yangu alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, ameniletea chakula. Kila niliposema hivyo alishusha macho na kukunja pindo la kitenge chake, akakunjua, akakunja. Nilimwona. Nilijua anajilaumu kwa kutojua. Na mimi niliyejua nilimwachia mzigo huo, mwaka baada ya mwaka, nikala chakula chake.

Miezi yake ya mwisho alikuwa anameza kidonge cha presha kila asubuhi. Alikuwa amepita miaka tisini, mwepesi kama mtoto, lakini akili yake ilikuwa safi; msije mkasema alikuwa anaweweseka. Asubuhi moja, kama juma moja kabla hajafa, nilimpa kidonge na maji, nikageuka kufungua dirisha. Nilipomrudia alikuwa amekivunja kwa meno, na amenyoosha kiganja, nusu moja juu yake.

"Hii yako."

"Mama!" Nilipaza sauti kama niko kazini. "Dawa haigawanywi!"

"Minye najua," akasema polepole. "Umenifundisha miaka yote."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. Ilitoka yenyewe, baada ya miaka yote hiyo, kwa sauti ndogo ya msichana. "Mama, siku ile mganga aliniambia. Aliniambia vyote ni vya Bukuru. Nilijua, nikanyamaza."

Alinitazama bila mshangao. "Nilikuwa ku baraza," akasema. "Mulango ulikuwa wazi. Minye nilisikia yote."



"Nilikuwa na bawili," akasema Mama. "Nikawaza, nikimupa moja peke yake, mwingine ataenda. Niliogopa kubakia na moja. Na ona, nimebakia na moja." Akanisogelea. "Na weye, ulinyamaza juu ya nini?"

"Niliogopa kufa, Mama."

"Ee," akasema. "Ulikuwa mutoto."

Kiganja chake kilikuwa bado kimenyooshwa, na ile nusu ilianza kuteleza kuelekea vidoleni. Wanawake wangapi nimewafokea kwa jambo hilo hilo. Nikakichukua kile kipande. Mama alikuwa ameshika nusu yake mkononi, hajaitia kinywani, ananitazama na kungoja. Nikameza. Naye akameza.